Mfuate Mtoza Kodi, Utampata Babu

Unataka kumjua babu wa babu yako na hujui pa kuanzia. Usianze na jina. Anza na mtu aliyemdai pesa. Mkoloni hakujali kama babu yako alikuwa mcheshi au mkali. Alitaka kujua anakaa kijiji gani, yuko chini ya chifu yupi, na kama amelipa. Fuata hayo matatu na jina utalikuta njiani.

Waairishi, ambao ni mabingwa wa kazi hii, hupitia mlango huohuo. Sensa zao za karne ya 19 karibu zote zimepotea. Baadhi ziliharibiwa na serikali yenyewe, na nyingine ziliteketea Dublin mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za kwanza zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911. Kwa hiyo mjukuu wa Mwairishi aliyeko Boston hushika vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, kisha orodha ya Richard Griffith ya kodi ya ardhi na nyumba, iliyotoka kati ya 1847 na 1864. Anaandika jina la ukoo, anachagua kaunti, familia inatokea kwenye skrini.

Wewe wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Dowa, au wa Area 25, Lilongwe, usitegemee skrini ya namna hiyo. Majina yetu hayarithiwi kama yao, na madaftari ya kodi yaliyotaja wanakijiji mmoja mmoja mengi hayakutunzwa. Lakini unao wazee walio hai, ambao waliwaona baba zao wakimkwepa askari wa kodi. Nenda kwao wiki hii. Intaneti utaikuta mwezi ujao.

Ukimwambia mzee "nieleze ukoo wetu", atakupa hotuba. Muulize vitu vidogo. Baba yako alilipia kodi wapi? Nani alikuja kuikusanya? Kapita, yaani msimamizi, aliitwa nani? Asiyekuwa na pesa alipelekwa kufanya kazi gani? Soko la karibu lilikuwa wapi, na misheni ya karibu ilikuwa ya nani? Kila jibu ni anwani.

Rekodi kwa simu. Iweke kwanza kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya habari. Taja tarehe na jina la mzee mwanzoni kabisa, la sivyo baada ya mwaka utakuwa na sauti ishirini usizojua ni za nani.

Mzee akisema hajui mwaka, mpe tukio. Kwa Mnyarwanda, uliza kuhusu njaa ya Ruzagayura, 1943 na 1944. Kwa Mkongo wa Fizi au Uvira, uliza kuhusu uhuru wa 1960 na vita ya Mulele ya 1964. Kwa Mrundi, mauaji ya 1972 hayahitaji maelezo, na uyaulize kwa upole. Kwa Mmalawi wa kusini, njaa ya 1949. Kisha uliza: wakati huo ulikuwa unachunga mbuzi, au ulikuwa umeoa? Hapo unapata umri wa kukisia unaotosha kazi.

Sasa fungua sanduku. Wengi tulikimbia mikono mitupu, lakini ndugu mmoja katika familia huwa ameficha karatasi ndani ya Biblia. Tafuta risiti za kodi, karata ya ubatizo, kadi ya kazi, kadi ya mpiga kura, na lile buku la kitambulisho ambalo wazee wa Kongo walilibeba enzi za Wabelgiji. Piga picha pande zote mbili, hata upande ulio mtupu. Mihuri na namba za pembeni ndizo zitakazokusaidia baadaye.

Ukipata buku, soma mistari yote. Mara nyingi utaona kijiji, chifu, wazazi, wake na watoto, pamoja na alama za kodi iliyolipwa. Kodi ya kichwa ya Kongo, iliyoanza kwa amri ya 1910, ilimdai mwanamume mzima, na mwenye wake zaidi ya mmoja aliongezewa. Kwa hiyo ile nyongeza inaweza kukuonyesha bibi ambaye familia haimtaji. Usiitangaze habari hiyo mezani siku ya sikukuu.

Hapa Malawi, nchi ambayo baadaye waliiita Nyasaland, Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba katika miaka ya 1890. Kilichohesabiwa ni nyumba, ndiyo maana hata mjane mwenye nyumba yake aliweza kudaiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kodi ilikuwa shilingi 6, na aliyemfanyia Mzungu kazi kwa mwezi mmoja alipunguziwa nusu. Basi ukiona jina la shamba au la mwajiri kwenye karatasi ya zamani, liandike. Huenda mtu wenu hakuwa kijijini kwake mwaka ule.

Tukija kwenye majina yenyewe, kila nchi ina mtego wake.

Kongo, mtego ni Rais Mobutu. Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971, majina ya Kikristo hayakukaa sana. Mwaka 1972 yalipigwa marufuku, na sheria ya majina ikafuata 1973. Mtu aliyeandikwa Joseph Kabwe mwaka 1968 anaweza kuwa Kabwe Mwamba mwaka 1975. Huyo ni mmoja, usimhesabu mara mbili. Na hilo jina la pili, ambalo Wakongo huliita postnom, ulizia lilitoka kwa nani. Watu wengi walipolazimika kulitafuta haraka walichukua la babu au la mzee wa ukoo. Yaani amri ya Mobutu inaweza kukurudisha nyuma vizazi viwili bila nauli.

Burundi na Rwanda, mtego ni mwingine. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na la baba halimfuati. Ndugu watano, majina matano. Kutafuta "jina la ukoo" huko ni kupoteza bando. Tafuta jina la baba na la mama, mlima na komine. Karangamuntu ya Burundi huandika wazazi wote wawili. Ukiwa na ya shangazi tu, tayari umepanda kizazi kimoja.

Mapacha ni zawadi. Ukikuta Butoyi katika familia ya Kirundi, tafuta Bukuru, pacha wake aliyetangulia. Kisha tafuta Ciza, anayezaliwa baada yao. Kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi na Kabanga hufanya kazi hiyohiyo. Jina moja linakuonyesha kwamba kuna mtu mwingine hujamwandika.

Waislamu wa Uvira, wa Buyenzi pale Bujumbura, au wa Ujiji, wana nafuu. Juma bin Saidi amekupa baba yake bila kuombwa. Andika mnyororo wote wa "bin" na "binti" jinsi mzee anavyoutaja, wala usiufupishe ili utoshe kwenye fomu.

Kwa Wachewa, uliza upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ingawa hati ya leo inaweza kubeba jina la baba. Kama mmeoana Area 25 na sasa watoto wenu wana damu ya Fizi na ya Dowa, fanya michoro miwili. Na kumbuka kwamba Phiri na Banda ni koo kubwa mno. Kukuta Phiri mwingine kwenye karatasi ya 1930 si ushahidi wa undugu.

Kosa moja linawanasa hata wasomi: jina la chifu. Ukisoma "Chiwere" kwenye ripoti ya zamani ya Dowa, na leo ukasikia Chiwere yuko, huyo si mtu mmoja aliyeishi miaka mia. Jina ni la kiti, na kila anayekikalia hulivaa. Ndivyo ilivyo kwa machifu wengi wa Malawi, na hata kwa wakuu wengi wa vijiji. Andika jina na mwaka pamoja daima.

Tahajia usiiamini. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia. Mbelgiji wa Kifaransa aliandika "ou" pale tunapoandika "u", na yule wa Kiflamandi aliandika "oe". Mwamba atakuwa Muamba, au Moamba. L na R hubadilishana kila mahali. Kabla hujaanza kutafuta, andika jina lako kwa namna zote unazoweza kulikosea, halafu tafuta kila moja.

Miji nayo ilibadilisha majina. Costermansville ni Bukavu. Albertville ni Kalemie. Baudouinville ni Moba. Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Usumbura ni Bujumbura. Astrida ikawa Butare, kisha Huye. Fort Johnston ni Mangochi, Fort Manning ni Mchinji, Port Herald ni Nsanje. Mikoa ndiyo balaa zaidi: Katanga iliitwa Shaba hadi 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa mikoa minne. Mzee wa Kalemie anaweza kuwa amezaliwa Katanga, akasoma Shaba, na leo kwao ni Tanganyika, bila kuhama hata hatua moja. Kwa Kongo, jina linalokaa muda mrefu zaidi ni la sekta au sheferi. Fizi, kwa mfano, ina Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Jua yako.

Ukishajua kijiji, misheni na miaka, nenda kanisani. Hapa ndipo utavuna zaidi, kuliko kwenye kodi na sensa zote. Orodha za kodi zilikuwa hasa za wanaume. Rejista ya ubatizo inawataja mama, binti na mtoto mchanga. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walianza kuandika mapema: Muyaga na Mugera huko Burundi mwishoni mwa karne ya 19, Save huko Rwanda mwaka 1900, na hapa Malawi Mua mwaka 1902 na Likuni, jirani kabisa na Lilongwe, mwaka 1903. Wapentekoste wa Kiswidi walifika Uvira mwaka 1921, na kwa kuwa wao hubatiza watu wazima, orodha zao zinaweza kuwa na watu waliokuwa tayari na familia.

Jifunze kusoma rejista ya Kikatoliki. Ina namba ya mstari, tarehe, wazazi na msimamizi. Pembeni huongezwa ndoa, hata kama ilifungwa parokia nyingine, kwa sababu padri aliyefungisha anatakiwa kutuma habari kule mtu alikobatizwa. Kwa hiyo mstari mmoja wa 1931 unaweza kukuambia kwamba bibi aliolewa mji mwingine, na nani. Omba kila mara wakusomee pembeni, watu husahau.

Na kama aliyebatizwa alikuwa mtu mzima, punguza miaka minne. Mapadri Weupe walifuata agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, la mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo. Mtu mzima aliyebatizwa 1925 alikuwa akiizunguka misheni ile tangu 1921 hivi. Mtafute kwenye eneo hilo katika miaka hiyo.

Huwezi kusafiri hadi Moba? Tuma ujumbe. Uwe mfupi, padri ana watu wengi. Andika hivi: "Baba Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Natafuta ubatizo wa bibi yangu, jina la Kikristo Maria, jina la nyumbani hili, baba yake huyu, kijiji hiki, kati ya 1935 na 1940. Naomba, ukipata nafasi, picha ya mstari wake pamoja na maandishi ya pembeni. Nitagharimia bando na sadaka ya parokia." Kwa Burundi, mwombe mtu akuandikie kwa Kirundi au Kifaransa. Usiulize majina kumi kwa mara moja. Uliza moja, shukuru, kisha rudi.

Babu alifanya kazi mbali? Basi fuata mwajiri. Union Minière ya Katanga, iliyoundwa 1906, iliwachukua watu hata kutoka Rwanda na Burundi, na kila mfanyakazi alikuwa na matrikule. Namba hiyo ikionekana kwenye kadi ya zamani ya Union Minière au ya Gécamines iliyoirithi, itunze kuliko picha. Wamalawi waliokwenda migodi ya Afrika Kusini walipitia Wenela, na nyaraka za shirika hilo la uandikishaji ziko katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Bibi yako Mmalawi akisema mumewe "alikwenda Wenela", usiishie kuitikia. Muulize mwaka, na aliondokea kituo gani.

Zomba nako kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka za Malawi. Kabla hujalipa nauli, jua unachokwenda kupata. Sensa za Nyasaland za 1911, 1921, 1926, 1931 na 1945 zitakupa hesabu za watu, hazitakupa jina la babu. Moto wa 1919 uliunguza makao ya serikali pale Zomba, na nyaraka nyingi za mwanzo ziliondoka nao. Zilizopo na zinazofaa ni vitabu vya wilaya na ripoti za maofisa: vijiji, wakuu wa vijiji, mizozo ya mipaka, nani alihama kutoka wapi. Nenda ukiwa na jina la kijiji na la mkuu wake, omba kitabu cha wilaya hiyo, na usome polepole. Chukua penseli, kalamu ya wino haipendwi kwenye nyaraka. Uliza kwanza kuhusu kibali cha kusoma na ada.

Na kama umesajiliwa Dzaleka, usiondoke bila ruhusa ya maandishi. Tangu amri ya 2023 ya kuwarudisha wakimbizi kambini, safari ya kutafuta babu inaweza kuishia polisi. Mtume rafiki Mmalawi mwenye subira, umpe orodha ya maswali.

Nyaraka za Wabelgiji ziko Brussels, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walitoa mwongozo mkubwa wa mahali pa kupata nyaraka za Kongo, Rwanda na Burundi, na unasomeka bure, kwa Kifaransa. Kama katika familia kuna mtoto wa Mzungu aliyechukuliwa kwa mama yake na kupelekwa misheni, taja jambo hilo katika barua yako. Tangu serikali ya Ubelgiji ilipoomba radhi mwaka 2019, hifadhi hiyo ina watu wanaoshughulikia mafaili ya watoto hao. FamilySearch nayo ni bure, na ina nasaba zilizokusanywa kwa mdomo kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo. Ingia usiku, bando la usiku ni nafuu.

Sasa sehemu ya kusoma mara mbili. Kama wewe ni mkimbizi, usiende ubalozi wa nchi yako kuomba hati za babu kabla ya kuongea na mshauri wa sheria. Kuomba huduma za serikali uliyoikimbia kunaweza kuleta maswali kuhusu hifadhi yako, achilia mbali hatari kwa ndugu waliobaki. Parokia na hifadhi za Ulaya hazina shida hiyo.

Wala usibadilishe jina lako kwenye faili la UNHCR kwa sababu umegundua kwamba babu aliandikwa kwa herufi nyingine. Faili linataka majina yaleyale siku zote, na anayekuhoji hapendi mshangao. Kama kuna kosa la kweli, peleka ushahidi ofisi ya usajili mapema. Tahajia ya babu ibaki kwenye daftari lako.

Vitambulisho vya enzi za Wabelgiji huko Rwanda na Burundi vilibeba kabila. Kabla hujatuma picha kwenye grupu la familia, funika mstari huo. Na kwenye mti unaouweka mtandaoni, acha nje kila mtu aliye hai. Kama unayemtafuta ni ndugu aliyepotea juzi vitani, hiyo si kazi ya rejista. Nenda Msalaba Mwekundu.

Kuhusu mchoro wenyewe, tumia daftari la shule, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja. Juu andika majina yake yote na tahajia zake. Chini yake kijiji, chifu, misheni. Kila habari iandikie chanzo pembeni: "mama mdogo, simu, Juni" au "karata ya ubatizo". Habari mbili zikigongana, ziache zote mbili hadi ya tatu ije kuamua. Weka nakala ya picha kwa ndugu aliye nchi nyingine, maana mvua ya Dowa haichagui nyumba.

Parokia zikikaa kimya, usikasirike. Baada ya miezi mitatu tuma tena ujumbe uleule, safari hii kupitia mtu wa kwenu anayesali pale. Mwambie aende siku ya kazi asubuhi, si Jumapili baada ya misa, akiwa na jina moja tu mkononi.